Mji usioujua: mwandishi wa riwaya aanzie wapi?

Desemba 1933, mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akiishi Berlin na kufunga Ramadhani alifuturu kabla ya saa kumi jioni. Mwezi uliandama katikati ya Desemba mwaka ule, na wakati huo wa mwaka jua la Berlin huchomoza saa mbili na ushei asubuhi, likazama kabla saa kumi haijagonga. Ili kulijua hilo inatosha kulinganisha kalenda ya Hijria na ya miladia, kisha kutazama jedwali la macheo na machweo. Hakuna kitabu cha watalii kinacholisema. Lakini kwa mwandishi wa hadithi habari hiyo moja ina uzito kuliko Lango la Brandenburg na nguzo zake zote. Mhusika yuko kazini, magharibi imeingia, hakuna adhana, wenzake wanakunywa kahawa, na yeye ama ana tende mfukoni ama hana. Hapo tayari pana tukio.

Nimeanza na Ramadhani kwa sababu nina msimamo ninaotaka kuutetea. Mwandishi anayetafiti mji wa kigeni kwa ajili ya riwaya aanze na siku ya mhusika wake, aufuate mji kwa miguu ya mtu huyo, na asiende pale ambapo mtu huyo asingekwenda. Utafiti wa namna hii unaupunguza mji hadi uenee katika maisha ya mtu mmoja. Waandishi wetu wengi wanaoanza hufanya kinyume. Hukusanya majina ya mito, madaraja, makumbusho na viwanja, wakishajaza daftari ndipo wamtupe mhusika katikati. Matokeo yake ni mtu aliyeishi London miaka kumi lakini kila akitoka nyumbani anapita mbele ya Big Ben, anaitaja, anaishangaa, kisha anapanda basi jekundu. Hatujui kodi yake inalipwa lini wala anapanga foleni gani.

Nitautumia mji wa Berlin kama mfano, kwa sababu watu wa pwani yetu wameishi huko tangu karne ya 19 na wengine waliandika. Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa huko mwaka 1887 iliwaajiri walimu wa Kiswahili kutoka kwetu. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha hapo kuanzia 1891 hadi 1895, na habari alizoandika kwa Kiswahili kuhusu maisha yake Berlin zilichapwa 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika Desturi za Wasuaheli, alianza kufundisha huko 1900, akaoa mwanamke wa Kijerumani. Walipopanda meli kurudi nyumbani mwaka 1905, wakuu wa koloni hawakukubali washuke pamoja Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani na akafia Berlin mwaka 1927.

Miaka miwili baada ya kifo hicho alifika Berlin Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, ambaye vitabu vya historia humtaja zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa katika Vita Kuu akiwa mtoto. Alikwenda kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikuwa imelipwa. Serikali ilikataa dai hilo. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaonekana katika filamu zaidi ya 20, nyingi zikimpa nafasi ya mtumishi. Alioa Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Maisha kama haya yanastahili riwaya za Kiswahili, na si moja. Swali ni namna ya kuiandika Berlin yao kwa mtu aliyekaa Tanga, Mombasa au Bujumbura, ambaye huenda asipate kuuona mji huo maishani.

Tuseme tumembuni kijana wa Dar es Salaam aliyefika Berlin mwaka uleule wa 1929, naye akapata uhudumu Haus Vaterland. Kwanza kabisa, kazi. Jumba hilo lilifunguliwa 1928 pembeni ya Potsdamer Platz, nalo lilikuwa limekusanya migahawa ya nchi mbalimbali chini ya paa moja: mkahawa wa Kituruki, baa ya Kihispania, ukumbi wa Vienna, baa ya Marekani ya wachunga ng'ombe. Katika ukumbi wa mto Rhine, kila saa taa zilififishwa, ngurumo zikapigwa, na mvua ya bandia ikanyesha nyuma ya kioo huku wateja wakiendelea na mvinyo wao. Kila nchi ilipewa ukumbi wake na mapambo ya kuitambulisha. Ndani ya Marekani ile ya kuigiza, anayeleta vinywaji alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Riwaya inayoujenga mji wa kigeni kwa alama zake mashuhuri inafanya kazi ileile ya Haus Vaterland: inamuuzia msomaji mvua iliyo nyuma ya kioo.

Kazi ikishajulikana, maswali yanajileta yenyewe. Wahudumu waliingilia mlango gani? Zamu ilikwisha saa ngapi, na usafiri gani ulikuwepo saa hizo? Kijana aliyelelewa na madrasa anabeba glasi za bia usiku kucha, anajisemeza nini? Ukosefu wa ajira Ujerumani ulikuwa umepita watu milioni 6 mwanzoni mwa 1932. Mhudumu anayejua idadi ya watu walio nje wakiitaka kazi yake anamvumilia mteja kiasi gani? Sehemu ya majibu imo katika kumbukumbu, na sehemu itabidi ibuniwe. Ila atakayebuni baada ya kuuliza hatabuni sawa na yule ambaye hakuuliza.

Halafu chumba. Mpe kijana huyu chumba eneo la Brunnenstraße, kaskazini ya katikati ya mji, mtaa wa wafanyakazi. Nyumba za mitaa hiyo zilikuwa majengo marefu ya kupanga, yaliyopangana nyuma ya barabara kwa nyua kadhaa zinazofuatana. Kanuni ya ujenzi ya 1853 ilitaka ua uwe na angalau mita 5.34 kila upande, kipimo kilichowekwa ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Fikiria shimo la ukubwa huo katikati ya kuta za ghorofa tano. Wanaokaa chini upande wa nyuma hawaoni jua. Choo mara nyingi kilikuwa kwenye ngazi, kikitumiwa na familia zaidi ya moja. Joto lilitoka kwenye jiko la vigae linalokula makaa, na makaa yanabebwa kwa ndoo kutoka chini. Mtoto wa Kariakoo anajua ua kuwa ni mahali pa kupikia, kufulia, kusukana na kupashana habari. Atautazama ua wa Berlin kwa macho hayohayo, na kwa hiyo ataona ndani yake kitu ambacho mwandishi wa Kijerumani hakioni. Haya ndiyo mapato ya mwandishi wa Kiswahili anayeandika mji wa wengine, nayo yanapotea pale anapomfanya mhusika wake aone kama mwenyeji.

Kuna jambo dogo la namba za nyumba ambalo nalipenda sana. Mitaa mingi ya zamani ya Berlin imepewa namba kwa kufuata upande mmoja hadi mwisho, kisha zinavuka na kurudi kwa upande wa pili. Kwa hiyo namba moja na namba kubwa kuliko zote hutazamana. Mgeni aliyeandikiwa anwani kwenye kikaratasi anaweza kuumaliza mtaa mzima akihesabu, ilhali nyumba anayoitafuta alikuwa ameipa mgongo pale alipoanzia. Mwandishi aliyejua hili ana sura nzima ya siku ya kwanza, bila kutaja hata jengo moja la kifahari.

Vitabu vya anwani vya Berlin vipo kwenye intaneti bure, kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi 1943, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, jina la mkuu wa kaya na kazi yake. Fundi viatu, mjane, karani wa reli, muuza tumbaku: majirani wa mhusika wako wamo humo, wakingoja kusomwa. Lakini mpangaji wa chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu mwingine hamo. Wapo watakaoona hilo ni upungufu wa chanzo. Mimi naliona kuwa taarifa. Kutokuwamo kwake kunatueleza hali yake: kibali chake cha kuishi pale ni hisani ya mama mwenye nyumba, na hisani ya mwaka 1930 huenda isifike 1934.

Njia ya kwenda kazini ndiyo inayoleta mavuno makubwa, na hapa nitakaa zaidi. Tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi za Berlin ziliwekwa chini ya kampuni moja, BVG, iliyoanza kazi Januari 1929. Treni inayopita chini ya Brunnenstraße ilifunguliwa Aprili 1930. Maana yake mhusika aliyefika 1929 aliikuta barabara hiyo ikichimbwa, na aliyefika mwaka mmoja baadaye alikuta ngazi mpya za kushukia. Kosa la mwaka mmoja linabadili sauti inayosikika dirishani.

Sasa njoo Novemba 1932. Wafanyakazi wa BVG waligoma kupinga kupunguzwa mishahara, kuanzia tarehe 3 hadi 7, na uchaguzi wa bunge ukaangukia tarehe 6, katikati ya mgomo. Wakomunisti na Wanazi, waliokuwa wakiuana mitaani, walisimama upande mmoja wa mgomo ule. Tramu zikalala, treni za chini zikalala. Treni za mjini zilizokuwa chini ya shirika la reli la taifa ziliendelea kutembea, lakini njia ya chini ya ardhi iliyokuja kuunganisha Potsdamer Platz na upande wa kaskazini ilikuwa haijajengwa. Kwa hiyo kijana wetu, akitoka zamu usiku wa manane, hana budi kutembea karibu kilomita nne hadi chumbani kwake. Kila njia anayoweza kuifuata inakatiza mji uliojaa vijana wenye sare na hasira. Apite mitaa mikubwa yenye taa na watu, au vichochoro vyenye giza vinavyomficha? Kwa mtu mweusi usiku ule, kipi ni usalama, mwanga au giza?

Sikuibuni hali hiyo. Nimefuata kazi, chumba na usafiri, zikakutana kwenye tarehe moja, hadithi ikasimama. Ndiyo maana siwaelewi wanaoona utafiti kuwa mzigo unaomfunga mwandishi. Mwenye orodha ya viwanja mashuhuri asingefika kwenye usiku ule kamwe.

Majina ya mitaa nayo yanahitaji tarehe. Mtaa uliopita kando ya Haus Vaterland ulikuja kuitwa Stresemannstraße baada ya kifo cha waziri Gustav Stresemann mwaka 1929. Wanazi wakaubadili kuwa Saarlandstraße 1935, na jina la Stresemann likarudi 1947. Ukimpa mhusika wa 1938 jina linaloonekana kwenye ramani ya leo, umemfuta mtawala aliyekuwa akimwinda. Ramani za simu zinazokuwezesha kutembea mtaani kwa kidole ni neema kwa umbali na miinuko, lakini mji zinaoonyesha ni wa leo. Haus Vaterland iliharibiwa na mabomu mwaka 1943, ikaungua tena Juni 1953, na mabaki yake yakabomolewa 1976. Potsdamer Platz anayoiona mtalii leo imejengwa upya kuanzia miaka ya 1990, baada ya miongo ya uwanja mtupu uliokatwa na ukuta.

Hapa ndipo ninapopingana na wanaosema kwanza nenda, ukauone mji, ndipo uandike. Ushauri huo hutolewa na wenye pasipoti zinazofungua milango. Mwandishi wa Morogoro au Kisumu anajua gharama ya viza, nauli, na karatasi za benki za kuthibitisha kwamba hatabaki huko. Kumwambia asiandike Berlin mpaka aikanyage ni kuwaachia wengine historia ya Mahjub bin Adam. Tena, akienda bila maswali, mji utampa ulichowaandalia wageni. Safari ina faida yake: baridi inayoingia kwenye meno, kasi ya watu kwenye ngazi za treni, anga la Juni lisilofikia giza kamili hata usiku wa manane. Hayo ni vigumu kuyapata kitabuni. Lakini safari ije mwisho, mswada ukiwa na mapengo yanayojulikana.

Mwingereza H. R. F. Keating alianza kuchapisha riwaya za upelelezi za Bombay mwaka 1964, akaendelea takriban miaka kumi kabla hajafika India. Wasomaji wengi walimfuata, kwa sababu mpelelezi wake alikuwa na ofisi, wakubwa na wasiwasi wa kila siku uliomshikilia mahali. Franz Kafka naye hakuwahi kufika Marekani, na katika riwaya yake ya huko sanamu ya bandari ya New York imeshika upanga badala ya mwenge. Watu hupenda kumtaja Kafka kama ruhusa ya kukosea. Sidhani kama ruhusa hiyo inatuhusu. Marekani ya Kafka imejengwa kama ndoto tangu ukurasa wa kwanza, na upanga ule unatoa sauti moja na kila kilichomo. Anayeandika maisha ya watu waliodhulumiwa kweli, katika mitaa iliyokuwapo kweli, amejifunga kwa mkataba mwingine na msomaji.

Na sisi tunajua uchungu wa mkataba huo ukivunjwa. Tumesoma hadithi za wageni ambamo Unguja haina kitu ila harufu ya karafuu na masultani, ambamo simba wanapita karibu na Dar es Salaam, ambamo mtu wa Nairobi anasema Kiswahili ambacho hakisemwi popote. Anayekasirishwa na hayo, kisha akaiandika Berlin yenye bia, theluji na Wajerumani wenye sauti kali tu, anawafanyia wengine alichofanyiwa.

Lipo tatizo gumu zaidi ya ramani, nalo ni mkono ulioandika kumbukumbu. Mengi tunayoyajua kuhusu Waafrika wa Berlin ya miaka ile yametoka katika mafaili ya serikali: maombi ya malipo, maombi ya pasipoti, barua za ofisi zinazomjadili mtu kana kwamba hayupo. Barua ya maombi ina sauti yake. Mtu anapomwandikia afisa anayeweza kumfukuza nchini, hunyenyekea, huhesabu sifa za utumishi wake, hujipendekeza pale inapobidi. Kuichukua sauti hiyo na kumpa mhusika aongee nayo mezani kwake ni kumdhulumu mara ya pili. Jioni, akiwa na mtu wa Tanga au wa Ngazija waliyekutana huko, angesema vingine kabisa, kwa mizaha ya kwao, akiwasema hao maafisa kwa majina ya utani. Hakuna faili lililohifadhi mazungumzo hayo. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa Kiswahili inapoanza kwa haki yake, maana lugha ya jioni ile anayo mdomoni.

Picha na filamu za enzi zile zinahitaji tahadhari ileile. Mwafrika anayeonekana ndani yake mara nyingi amevalishwa na kuwekwa mahali na mtu mwingine. Tazama ukingo wa picha badala ya katikati: aina ya viatu, bango la bei ukutani, mpita njia aliyegeuka kukodoa macho.

Kuhusu majina halisi, naona ni heri kumpa mhusika jina la kubuni hata pale anapofuata nyayo za mtu aliyeishi. Mahjub bin Adam alikuwa na mke na watoto, na mateso yake yana tarehe. Riwaya ikihitaji kumpa wivu, woga au usaliti ambao hatuna ushahidi nao, apewe mtu mwingine mzigo huo. Mtu halisi anaweza kupita pembeni, akaonekana kwenye ngazi za chuo akiwa na vitabu mkononi, bila kulazimishwa kuungama asiyoyasema.

Kwa wachapishaji wetu nina ombi. Mswada wa Kiswahili ukiwa na mji wa kigeni ndani yake, usiishie kwa mhariri wa lugha. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Berlin, Hamburg, Leipzig na Bayreuth, na katika madarasa hayo na nje yake wapo Watanzania na Wakenya walioishi huko miaka mingi. Wapelekewe sura mbili tatu pamoja na maswali ya kujibika: mhusika akitoka mlango huu, jua linampiga usoni au mgongoni? Ngazi za nyumba ya zamani zinanukaje wakati wa baridi? Mama mwenye nyumba angegonga mlango kabla ya kuingia? Swali la kama sura ni nzuri wasiulizwe. Hilo litawafanya wasifie. Na walipwe.